Draiva ya Mpira Unaopinda Kulia

Mpira wangu unapinda kulia. Nalisema mapema ili asije mtu akanieleza, maana kwenye uwanja wa gofu nimeshaelezwa na kila mwenye mdomo. Naupiga ukiwa umekaa vizuri kwenye tii, kile kijiti cha kuuinulia, unaondoka kwa adabu zote, ukifika katikati ya safari unageukia kulia, kwenye vichaka, na huko ndiko unakopotelea. Wenyewe wanaita slaisi. Wapo waliosema nashusha bega. Wapo waliosema nawahi kuinua kichwa. Bwana mmoja wa idara ya madai ofisini kwetu, ambaye mipira yake mwenyewe huokotwa nje ya ukuta, aliwahi kunisimamisha nikiwa nakunywa maji ili anionyeshe namna ya kupanga miguu. Nilimshukuru kwa sababu nimelelewa, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Gofu nilianza ukubwani, ofisi ilipotutafutia kocha wa Jumamosi asubuhi, na niliipenda kuliko nilivyotarajia. Kilichonitia hasira ni kwamba kwa fimbo fupi mimi si mbaya hata kidogo. Balaa lilikuwa kwenye ile fimbo ndefu ya kuanzia, draiva, inayotakiwa kuupeleka mpira mbali. Basi nikaamua kununua draiva nyingine, niliyosikia kwamba imetengenezwa makusudi kwa ajili ya watu ambao mipira yao inakimbilia kulia.

Siku hizohizo mama yangu alikuwa amekuja kutoka Lindi kukaa nasi Tegeta, na alikuwa ameanza kumnyoosha binti yangu. Binti yangu yuko darasa la kwanza na ni mashoto. Anachora kwa kushoto, anachana nywele za mwanasesere wake kwa kushoto, akikimbilia kitu ni mkono wa kushoto unaotangulia. Bibi yake hakulipenda hilo tangu siku ya kwanza. Kila jioni ya kazi za shule aliuzungushia mkono ule kipande cha kanga kuukuu, akakifunga nyuma ya kiti, akamwambia mtoto aandike kwa mkono mzuri. Mkono mzuri! Kana kwamba ule mwingine umeiba.

Kitambaa hicho nakijua. Mimi mwenyewe nilizaliwa mashoto, na mama huyuhuyu alinifunga vivyo hivyo, nikaandika kwa kulia hadi leo, mwandiko mbaya ambao ofisini wanautania. Nilikuwa sijamwambia kitu. Ni mama yangu, amesafiri kutwa nzima kuja kuniona, na kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nimekula. Nikawa napita pale mezani, namwona mtoto amefungwa, nameza mate, naenda jikoni.

Dukani nilikwenda na yule bwana wa madai, kwa bahati mbaya, kwa sababu yeye ndiye aliyelijua duka. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa Dar, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Mpira unakwenda wapi?"

"Kulia."

"Basi usijione uko peke yako. Wengi wanaoingia hapa, yao inakwenda kulia."

Kwanza alinionyesha draiva nyeusi inayong'aa, nzuri ya kutazama, ambayo uso wake umesimama karibu wima. Akanitahadharisha yeye mwenyewe kwamba hiyo ni ya watu wenye nguvu na shabaha, na kwamba kwangu itazidisha ugonjwa. Halafu akaleta nyingine, ya waridi, nyepesi, na yule bwana akaidaka mikononi mwake kabla yangu.

"Hii ndo yako, sista. Ya kike kabisa."

"Mzee hajasema inasaidia nini," nikamwambia.

"Nyepesi tu," mzee akasema. "Wepesi unasaidia kidogo. Lakini ngoja."

Akaingia nyuma, akatoka na ya tatu. Haikuwa nzuri. Kichwa chake kilikuwa kipana, na ukiishusha chini kama unataka kupiga, uso wake ulionekana umegeuka kidogo kushoto, kama mtu anayekutazama kwa jicho la pembeni. Mzee akaipindua, akanionyesha kwa kidole. Uzito umesogezwa upande wa kisigino, karibu na mpini, ili kichwa kiwahi kugeuka na uso ufunge kabla ya kuugusa mpira. Uso wenyewe umelala zaidi kwa nyuma, mpira unapanda juu, na mpira unaopanda haupindi sana. Na pale shingoni pana skrubu ya kuongeza au kupunguza, kadiri ya ubovu wa mtu.

"Hiyo fimbo ya wagonjwa, sista," yule bwana akasema, akicheka. "Nunua ya kawaida, halafu ujirekebishe mwenyewe. Hii inakudanganya."

Nilimtazama. Mtu anayevaa miwani, amesimama dukani chini ya feni, ananiambia kifaa cha kumsaidia mtu ni udanganyifu. Nilitaka kumvua ile miwani nimwambie ajirekebishe mwenyewe aone mlango ulipo. Lakini mzee alikuwa anatutazama, nikajizuia, nikaomba niende nayo uwanjani nikaijaribu kwanza. Mzee hakuwa na shida, alisema fimbo haichaguliwi dukani.

Kocha wetu ni dada wa makamo, mpole, asiyesema mpaka awe ameona. Jumamosi ile alinitazama nikipiga kwa fimbo yangu ya zamani. Mpira ukaenda kulia. Mwingine, kulia. Hakusema habari ya bega wala ya kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea mpira uliokuwa karibu na mguu wangu.

"Hebu nirushie huo."

Nikauokota, nikamrushia. Akaudaka, akatabasamu.

"Dada, wewe mashoto."

"Nilikuwaga."

"Hakuna nilikuwaga. Umenirushia kwa mkono gani?"

Nikautazama mkono wangu wa kushoto ukiwa bado hewani. Sikuwa nimeuchagua, ulikwenda wenyewe. Kocha akanieleza taratibu. Nimesimama upande wa watu wa kulia kwa sababu fimbo nilizoazimwa mwanzoni zilikuwa za kulia. Mkono wangu wa kushoto, ambao ndio wenye nguvu, unaishika fimbo na kuivuta moja kwa moja, hautaki kuiachia igeuke. Wa kulia, uliotakiwa kusukuma mwishoni, umelala. Kwa hiyo uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa wazi, na mpira unakwenda unakoelekezwa. Hapakuwa na uchawi wala uzembe.

Nikawa kama niliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikamwomba fimbo ya mashoto. Akaenda kuazima moja kwa mwanachama mmoja, akanipangia miguu upande wa pili. Nilisimama pale na furaha ambayo sasa naionea aibu. Nilifikiri mkono ule ulikuwa unanisubiri. Nilifikiri nikiupa fimbo tu, utafanya maajabu.

Nilipiga hewa. Nikapiga tena, nikachimbua nyasi. Mara nyingine mpira ulisogea, ukatambaa, ukasimama hatua chache mbele yangu kama umechoka. Kiuno hakikujua kigeukie wapi. Mkono ulikuwa na nguvu lakini haukuwa na akili, kwa sababu akili ya fimbo, ya kalamu, ya kisu, yote ilikuwa imehamishiwa upande wa pili zamani, kwa lazima, na huko nako haikukaa vizuri.

"Unaweza kuanza upya," kocha akasema. "Itachukua muda. Na draiva ya mashoto inayokufaa wewe, hapa mjini, sijui utaipata wapi."

Nilikaa kwenye benchi. Sikulia, ila nilikasirika kuliko ninavyokumbuka kukasirika tangu niwe mtu mzima. Wa kulia si wangu sawasawa, na wa kushoto nimenyang'anywa. Nilikuwa mtu mwenye mikono miwili ambaye hana hata mmoja alio nao kwa uhakika. Na aliyenifanyia hivyo alinifanyia kwa mapenzi, hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana ningekuwa na adui ningejua pa kwenda.

Kocha akanipa ile draiva ya mzee, upande wangu wa siku zote. Nikapiga kama ninavyopiga, kwa ubaya wangu uleule, bila kubadili kitu. Mpira ukapanda. Ukaanza kuvutika kulia, ukavutika kidogo tu, ukatua kwenye nyasi zilizokatwa, mbele ya macho ya yule bwana wa madai aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Nikapiga mwingine, ukatua jirani na wa kwanza. Ningepaswa kushangilia. Badala yake hasira ikanipanda upya, safari hii juu ya jambo jingine kabisa.

Kuna watu, sijui nchi gani, walikaa kiwandani wakamfikiria mtu mzima ambaye mpira wake unapinda. Hawakumwambia ajinyooshe. Walichukua chuma wakakisogeza kwenye kisigino cha fimbo, wakalaza uso, wakaweka na skrubu, ili mchezo wa Jumamosi usimwudhi. Mtu mzima, kwa mchezo! Na mtoto wa darasa la kwanza, kwa kalamu atakayoishika maisha yake yote, hakuna aliyemsogezea hata daftari. Tulimsogezea kitambaa.

Nilirudi nyumbani na fimbo ndani ya gari. Mama alikuwa uani anachambua mchicha, na kupitia dirishani nilimwona binti yangu mezani, ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nina neno. Kitambaa kile naomba kisitumike tena."

Hakuacha kuchambua. "Kitambaa kipi?"

"Mama."

"Mtoto wa kike huyo. Kesho atampa mkwe maji kwa mkono gani? Watu watasema hakufunzwa, na atakayetukanwa si yeye, ni wewe na mie."

"Kula kwa kulia nakubali. Kupokea, kusalimia, nakubali yote, hiyo ni dini na adabu, nitamfundisha mwenyewe. Nasema kalamu. Kalamu mama, si tonge."

"Kalamu ndo mwanzo." Akaweka majani kwenye ungo. "Mbona wewe nilikufunga? Ukakosa nini? Umesoma, una kazi, una gari, una nyumba. Nionyeshe ulichokosa."

Nikafungua mdomo. Tangu uwanjani hadi Tegeta, njia nzima, nilikuwa nimemhutubia mwanamke huyu kichwani mwangu, hotuba kali, yenye machozi na ushahidi. Sasa ananiuliza, kwa sauti ya kawaida, na ushahidi wenyewe niliokuwa nao ulikuwa mmoja.

"Mpira wangu unapinda kulia," nikasema.

Mama akainua uso. "Mpira upi?"

"Wa gofu."

Akacheka, si kwa ubaya, alicheka mpaka mchicha ukamwanguka. Nami, Mungu anisamehe, nilitamani kuvunja kitu. Maana alikuwa na haki ya kucheka. Mtu atapimaje kile ambacho hakukipata? Ningemwonyesha nini, michoro ambayo sikuichora? Nilichokuwa nacho mkononi ni mchezo wa watu wenye nafasi, na mpira unaoingia vichakani.

"Inaniuma, mama," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Sijui kukueleza, lakini inaniuma, tangu utotoni inaniuma, na sitaki imuume na huyu. Nakuheshimu. Lakini hili sikubali. Sikubali!"

Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti, na wote wawili tulilisikia. Akayaokota majani yaliyoanguka, moja moja, akayapuliza mchanga.

"Haya," akasema mwishowe. "Mtoto ni wako. Kamfungue."

Hakuwa amekubali, alikuwa ameniachia tu, na hilo lilinitosha. Niliingia ndani haraka, nikapiga magoti nyuma ya kiti. Fundo lilikuwa la mama yangu, gumu na safi. Nililifungua, nikaufumbata mkono ule mdogo ndani ya viganja vyangu, nikausugua pale kitambaa kilipoacha alama.

"Haya, mama," nikamwambia. "Andika kwa mkono unaoutaka wewe."

Binti yangu akatazama mlangoni, kuona bibi yupo wapi. Kisha akanitazama mimi, kwa makini, kama anavyomtazama mwalimu anayeuliza swali lenye mtego. Penseli ilibaki kwenye mkono wa kulia.

"Hakuna atakayekugombeza," nikasema. "Bibi amekubali. Wa kushoto, kama unautaka, tumia."

"Nimeshaacha, mama," akasema, akaendelea kuandika, herufi zikimpanda na kumshuka.

Mkono wa kushoto, niliotoka kuufungua sasa hivi, alikuwa ameukalia.