Mkeka Mmoja, Wanunuzi Wawili

Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nusu nililimalizia shambani nikifukuza ndege wa mpunga. Kompyuta nilijifunzia hapa Kibiti, kwenye duka la kuchapa barua, kwa kutazama mikono ya watu. Nikawa fundi wa kurasa za mtandaoni mpaka ndevu zimekuwa nyeupe. Lakini fundi wa sura tu: rangi, picha, vitufe. Ya nyuma, kule seva inakopokea maombi na kutunza kumbukumbu, aliyafanya mwenzangu, dada mmoja wa Utete. Mimi kule sikuingia, kama mgeni asivyoingia uani kwa watu.

Tulikuwa na ukurasa wa kuuzia mikeka ya kina mama wa Ruaruke, na msukaji mkuu ni mama mkwe wangu. Ukindu wenyewe wa kusukia siku hizi unafuatwa mbali, basi tu. Yule dada akapata kazi Dar, akaniachia kila kitu kwa wema.

Haikupita muda, mkeka mmoja wa mama mkwe ukanunuliwa na watu wawili. Walibonyeza kwa pamoja. Kitufe nilikiweka kizimike mkeka ukiuzwa, lakini kitufe ni sura. Kule nyuma hapakuwa na wa kumwambia wa pili asubiri. Huyo wa pili, mama mmoja wa Bungu anayeozesha binti, akaukosa. Fedha nilimrudishia, lakini bibi harusi halalii fedha. Akampigia msukaji, akamwita tapeli.

Mama mkwe hakunisema. Kwetu mkwe hagombwi. Alimtuma tu mwanawe, yaani mke wangu, aniambie mikeka yake yote niitoe. Bora angenitukana.

Nikampigia dada wa Utete anitengenezee.

“Sikufanyii, mzee wangu,” akasema. “Fungua mwenyewe, mimi nipo hapa nakusikiliza.”

Nikamwambia kwa umri huu haliingii jipya.

“Mbona simu mpya ilikuingia?”

Basi kila Ijumaa baada ya sala akawa ananisomesha kwa simu, mstari kwa mstari, kama chuo cha Kurani: ukikosea, unarudia. Nikaona kumbe nusu yake naijua. Miaka yote nilikuwa napeleka maswali kule nyuma; sasa ndio namwona anayejibu. Tukaifundisha seva iushike mkeka kwa jina la aliyetangulia, ndipo iombe malipo. Nimesaidiwa na wengi maishani, Mungu awalipe, ila huyu aliyeninyima ndiye ninayemshukuru zaidi.

Siku ya kujaribu nilikaa na mke wangu, kila mtu na simu yake, tukabonyeza pamoja. Yeye akapata, mimi nikaambiwa nimewahiwa. Akataka tena. Na tena. Jina la mama yake lilikuwa mle, hakutaka mchezo. Aliporidhika akapiga simu Ruaruke, akazungumza na mama yake kwa sauti ya chini.

Kesho yake bodaboda akaleta mkeka mpya, na salamu kupitia kwa mke wangu:

“Mwambie mumeo huu aupige picha vizuri. Ule wa kwanza aliupiga kama anakimbizwa.”