Beringi za Mashine ya Mume Wangu

Mume wangu alipoteza macho polepole, kwa ule ugonjwa watu huita presha ya macho. Alipokuwa bado anaona vivuli, aliendelea na mashine yake ndogo ya kukereza vyuma, aliyoifunga juu ya meza katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu mjini Busia. Hiyo haikuwa kazi ya kumlisha. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu. Ilikuwa starehe yake tu. Wengine waliposhinda kwenye mpira, yeye alikereza pini za milango na vipande vya cherehani za majirani.

Nuru ilipokwisha kabisa, akaiacha mashine. Nikadhani ni kwa sababu ya macho, mpaka siku moja nilipomuuliza.

"Si macho," akasema. "Kazi naijua kwa vidole. Lakini ile mashine inanguruma. Beringi zimekwisha, shafti inayozunguka ndani yake inacheza. Nikishindwa kuamini chuma kitakaa pale kilipo, nitapeleka mkono vipi?"

"Basi tubadilishe beringi."

"Nani abadilishe?"

"Mimi."

Akacheka, akaongeza sauti ya redio. Mimi nauza mitumba sokoni. Spana nilikuwa nazishika nikifagia tu. Lakini kicheko kile kilinikaa rohoni. Jumamosi nikafunga kibanda mapema, nikajifunga leso, nikaingia chumba cha nyuma.

Nikafungua kifuniko, nikatoa mkanda wa mota. Nyuma ya shafti kulikuwa na nati kubwa. Nikaitia spana, ikateleza mara ya kwanza, ikateleza tena. Redio ikazimwa.

"Utakula pembe za hiyo nati!" akapiga kelele kutoka sebuleni. Nikamsikia akija, kiganja chake kikisugua ukuta. Akanisukuma kidogo kwa bega, akaipapasa nati, akachagua spana nyingine kwa kuipima na kidole gumba. "Shika hapa. Sasa vuta kuelekea kwako, taratibu."

Nati ikaachia. Hakurudi tena kwa redio yake.

Shafti ilitutesa mpaka jioni, ndipo ikatoka na beringi ya mbele imeng'ang'ania. Tukaing'oa, akaizungusha sikioni kwangu. Ilisaga kama kuna mchanga ndani.

Jumatatu nilipata beringi mpya hapa mjini, mbili. Nikaweka ya kwanza juu ya shafti, nikaweka kipande cha bomba juu yake, nikagonga kwa nyundo kwa nguvu zangu zote. Iliingia. Nikafurahi, nikampa azungushe. Uso wake ukabadilika.

"Umegonga ringi ya nje badala ya ile ya ndani," akasema. "Nguvu imepitia kwenye gololi. Hii imekufa."

"Hukuniambia nigonge wapi!"

Akaipapasa tena beringi. Mafuta yalikuwa yamenipanda mpaka viwikoni na nilikuwa karibu kulia. Kisha akasema, "Kweli. Sikukwambia. Mimi mwenyewe sijawahi kuisema kwa maneno, nilikuwa nafanya tu."

Maduka ya mjini hayakuwa na nyingine ya saizi ile. Akasema tuiache, nimejaribu vya kutosha. Nikamwambia mashine haitakaa mezani kwangu imepasuliwa kama kuku. Jumapili baada ya kanisa nikaenda Malaba, nikapita duka baada ya duka pale malori yanaposubiri kuvuka kwenda Uganda. Wauzaji walinionyesha beringi za magurudumu makubwa kama sahani. "Mama, hii ni ya gari gani?" wakaniuliza. "Si ya gari," nikajibu, nikaenda duka lingine. Niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akifunga mlango, nikaushika mlango kwa mkono.

Safari hii tulipanga kabla ya kugusa kitu. Mume wangu alisema chuma kikipata baridi hunywea, kikipata moto hutanuka. Basi tukaing'oa beringi iliyokufa, shafti nikaifunga kwa nailoni, nikaipeleka kwa jirani yangu muuza samaki, nayo ikalala ndani ya friza yake katikati ya samaki, ngege wa Budalang'i. Beringi nikaitia kwenye sufuria ya mafuta juu ya makaa, moto wa wastani, yasichemke. Jirani akaja mbio na shafti mikononi, akilalamikia baridi. Nikaiopoa beringi kwa koleo, nikaiweka juu ya shafti. Ikateremka yenyewe mpaka mwisho, bila nyundo. Mimi na jirani tukapiga vigelegele, na mume wangu akauliza, "Imekaa? Imekaa sawa?" huku akinyoosha mkono, nikamzuia asiungue.

Ya nyuma ilikuwa rahisi. Tukapaka grisi, yeye mwenyewe akakaza nati, akilegeza na kukaza tena mpaka shafti ikazunguka bila kucheza.

Nikaiwashia mashine stima. Hakukuwa na mngurumo, ni mvumo laini tu. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini wake sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Niletee kipande cha shaba," akasema. "Halafu toka."

Nikampa shaba, lakini sikutoka. Nilisimama mlangoni. Mkono wake wa kushoto ulihesabu mizunguko ya gurudumu dogo la kusogeza kisu, midomo yake ikisogea, na maranda ya shaba yakaanza kumwagika juu ya viatu vyake. Alipozima, akangoja shafti isimame kabisa, kisha akaipapasa kazi yake kwa ncha za vidole.

"Najua uko hapo," akasema. "Imeng'aa?"

"Imeng'aa," nikamwambia.