Hisabati Katika Wiki ya Baba Yake

Nilifundisha hesabu darasa la nane kwa miaka tisa huko Kenya, na bado nilipofika Stockholm niliambiwa nianze upya. Mwanamke wa ofisi ya masomo alikisoma cheti changu cha ualimu mbele na nyuma, kisha akanirudishia.

"Ukitaka kufundisha hapa, itabidi upitie chuo kikuu," alisema. "Na kabla ya chuo kikuu, hisabati ya sekondari. Kozi ya A, B, C, halafu D."

Akanielekeza kwenye shule ya watu wazima mjini.

Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa tumeachana. Yeye alihamia Upplands Väsby, kaskazini mwa jiji, mimi nikabaki Alby, upande wa kusini, na binti yetu wa miaka kumi na sita akawa wa wiki moja kwangu, wiki moja kwa baba yake, kama wanavyofanya wengi huku. Ijumaa moja alikuja na begi lake, Ijumaa iliyofuata akaondoka nalo.

Asubuhi nilipanga masanduku ya vyakula kwenye ghala kule Jordbro, alasiri nikaenda darasani. Tulikuwa watu ishirini na kitu, na kila mmoja alikaa na kiti kitupu pembeni yake. Saa ikifika, vitabu vilifungwa, makoti yakavaliwa, watu wakapotea. Kuna siku nilitoka nyumbani na kurudi bila kutamka neno zaidi ya asante.

Mtihani wa kwanza nilianguka, na sikuelewa kwa nini. Nikauweka mezani jikoni, binti yangu akauchukua.

"Hii ni nini?" aliuliza kwa Kiswidi. Siku hizo nilimsemesha Kiswahili, naye alinijibu Kiswidi.

"Tatu nukta tano. Tatu na nusu."

"Mama, hapa nukta ni kuzidisha. Umeandika tatu mara tano. Tatu na nusu unaweka mkato."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nimewachapia watoto wa watu meza kwa rula ili waiweke nukta hiyo mahali pake! Naye akacheka. Kumbe shuleni kwake walikuwa wanatumia kitabu kilekile, basi tukaanza kusoma pamoja. Alinipa maneno ya Kiswidi, mimi nikamwonyesha njia za mkato, naye alizoea kuuliza, "Umeionaje hiyo?" Zilikuwa wiki nzuri.

Wiki za baba yake nilipika ugali mwingi kupita kiasi na kuula baridi kesho yake. Nilihamishia vitabu vyangu chumbani kwa binti yangu, kwenye meza yake ndogo, nikafanya kila zoezi mara mbili. Jumapili kanisani Wakenya wenzangu waliniuliza, "Msichana wetu yuko wapi?" Nikisema yuko kwa baba yake, mazungumzo yanaishia hapo. Polepole nikaacha kwenda. Dada yangu nyumbani Kenya nilimpigia simu.

"Unasoma hesabu? Si wewe ndiye uliyekuwa ukifundisha?"

"Ndiyo, dada."

"Sasa hao wanakufundisha nini?"

Nikamuuliza habari za mvua.

Nilipokuwa nakaribia kumaliza kozi ya C, binti yangu alisema, macho yake yakiwa kitabuni, kwamba angependa kukaa Väsby moja kwa moja. Shule iko karibu, marafiki wako huko.

"Si kwamba sikupendi," alisema.

"Nimekuelewa," nikamjibu. "Malizia swali hilo kwanza."

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwalimu. Nimeijutia sentensi hiyo kuliko maneno mengi niliyowahi kusema. Alimalizia swali, na alilipata.

Kozi ya D niliisoma peke yangu, yeye keshahamia Väsby, majira yote ya baridi. Nilikwama mara nyingi, lakini sikumpigia binti yangu kwa yale yaliyonishinda. Nilimpigia kumuuliza maswali ambayo majibu yake ninayo. Namsomea swali taratibu, ananieleza, namshukuru. Mara ya nne au ya tano alinikatiza.

"Mama, hili unalijua."

Nilisikia televisheni ya baba yake.

"Lakini nisomee tena," akasema, kwa Kiswahili.

Nikamsomea, kuanzia mwanzo.

Nilifaulu D, nikapata nafasi ya kusomea ualimu chuo kikuu. Barua niliisoma nimesimama mlangoni, viatu bado miguuni. Siku ya kwanza ya chuo ukumbi ulijaa vijana wa umri wa binti yangu. Kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu, nikaweka koti langu juu yake kisionekane hivyo. Jioni binti yangu alipiga kuuliza kama nimepata rafiki.

"Bado," nilimwambia.

Ilinichukua hadi muhula wa pili kupata mtu wa kula naye chakula cha mchana. Alikuwa mama mmoja kutoka Burundi aliyenisikia nikipiga simu kwenye korido. Tulizungumza Kiswahili, cha kwake na cha kwangu, mpaka tukachelewa darasani.