Nilivyomtafsiria Mama Sizoni ya Wasaliti

Mama yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini hakuna mtu mtaani kwetu Chumbageni anayependa sizoni kama yeye. Tangu magoti yamkatalie safari za sokoni na misibani, kazi yangu kila Ijumaa, akishaswali alasiri, ni kuchomeka flashi kwenye televisheni, kukaa mkekani karibu na miguu yake, na kutafsiri. Zile zilizokwisha kutafsiriwa dukani hazitaki. Anasema wanampigia kelele kama wapiga debe wa stendi. Anataka sauti yangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo sina pa kujificha. Taabu ni kwamba Kiingereza changu ni cha ubaoni, na majambazi wa kwenye sizoni hawakupitia ubaoni. Wao wanasema maneno mawili, mimi nahangaika na sentensi tatu. Mama hana huruma. "Mbona yeye kasema kidogo nawe wasema kingi? Waongeza chumvi?" Naapa siongezi. Naongeza.

Ijumaa ninayoikumbuka, yule anayetujazia flashi alinipa sizoni mpya. "Ya majambazi, mwalimu," akasema, nami nikaichukua bila kuuliza zaidi. Tulitazama mwanzo wake vizuri tu. Mama aliwabatiza wahusika kama kawaida yake: Mnene, Kofia, na Asiyeswali, ambaye alikuwa mkubwa wao. Lilikuwa genge la wahalifu katika mji wa baridi, na kati yao alikuwamo mmoja aliyekuwa akiwapa polisi habari za wenzake kwa siri. Usiku mmoja polisi wakavamia ghala. Mnene akakamatwa. Kofia akaruka dirishani akaponyoka. Waliobaki wakakaa mezani wakiulizana nani kawauza, na wakatoa lile jibu jepesi wanalotoa watu wote: ni yule aliyeponyoka.

Sebule ile ile, mkeka ule ule, na watu wa mbali wasionijua walikuwa wananisimulia mambo yangu.

Nina kaka mmoja tu. Kanizidi miaka sita. Udogoni tuligombania ukoko wa wali wa nazi mpaka mama akawa anaukwangua kwa kijiko na kuugawa kwa macho makali, nusu kwa nusu, na bado kila mmoja aliapa kwamba nusu ya mwenzake ni kubwa. Akirudi nyumbani alikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili langoni kabla ya kupiga hodi. Mpaka leo mpita njia akikohoa mara mbili, moyo wangu unasimama, kisha unanikera kwa ujinga wake.

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, kaka alikuwa na pikipiki, akivusha mizigo kwa njia za panya kule mpakani Horohoro. Mwanzo ilikuwa sukari, na nani mjini petu hajawahi kuinywea chai sukari ya namna hiyo? Kisha siku moja, nikifagia chumbani kwake, nikakuta mafungu ya mirungi chini ya kitanda, yamefungwa kwa majani ya mgomba. Niliogopa. Niliona jela, nikaona na kaburi. Kusema naye nilisema, akanicheka. Basi nikaenda kwa jirani mmoja aliyekuwa akifahamiana na askari wa mpakani, nikamwambia kila kitu, siku na njia. Akaniahidi, "Watamtisha tu, binti yangu. Atatulia." Nikarudi nyumbani nikijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Hawakumtisha. Alikuwa na rafiki yake wa Muheza siku ile. Rafiki akakamatwa, akafungwa miaka mitatu. Kaka akaitupa pikipiki, akakata pori, akatokea upande wa Kenya. Na kwa kuwa mmoja kafungwa na mwenzake kaponyoka, watu hawakuhitaji ushahidi. Kaka yangu akawa ndiye aliyemuuza rafiki yake. Kesi yenyewe ilikuja kusahaulika. Jina halikusahaulika. Sasa ni miaka kumi na mmoja yuko Mombasa, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapa, naye anasema hawezi kurudi mji ambao akipita watu wanashusha sauti.

Hupiga simu kila Ijumaa, na kila mara swali lake kwa mama ni moja: "Ukoko leo kala nani?" Mama humjibu, "Upo chunguni." Mimi huwa nipo pembeni, natamani aombe kusema nami, na naogopa asije akaomba. Kanzu yake inaning'inia nyuma ya mlango. Kila Idi mama huipiga pasi na kuirudisha msumarini. Nina hamu na kaka yangu, hamu ya kuniamsha asubuhi kabla ya adhana, na mtu wa kumlaumu kwa hamu hiyo ni mimi mwenyewe.

Wiki zile za mwanzo majirani walimshauri mama, kama kweli mwanawe kasingiziwa, asome halbadiri. Wageni wa pwani wataniuliza: ni kisomo kinachosomwa dhidi ya mtu aliyekudhulumu na humjui. Akishasomewa, mwenye hatia hapati salama. Ataugua, atavimba, au atafukiwa. Mama akanunua ubani, akapatana na maalim, akanitangazia habari hiyo tukiwa tunakula. Usiku uleule nikashikwa na homa, nikalala siku mbili. Nilipoinuka nikasikia maalim karudishwa. Mama alisema, "Nimemwachia Mungu." Nilimshukuru Mungu kwa uchamungu wa mama yangu.

Ndiyo maana, kwenye ile sizoni, nilianza kusema uongo. Ilidhihirika kwamba msaliti alikuwa ni mdogo wake Kofia, aliyeogopa kwamba kaka yake atauawa. Walimwonyesha yuko jikoni peke yake, simu mkononi, analia bila sauti.

"Huyu mdogo mtu ana nini?" mama akauliza.

"Mkewe mgonjwa."

"Na wale pale mezani wasemaje?"

"Wanasema polisi walibahatisha."

Mama akanyoosha mkono, akaniomba rimoti. Hajawahi kujua vibonye vyake, lakini siku ile alikijua cha kusimamisha picha. Yule mtu wa jikoni akaganda na machozi yake.

"Mie Kiingereza sikijui," alisema, "lakini mtu mwenye mke mgonjwa hulilia dawa. Huyu alilia alipotazama picha ya nduguye ukutani. Huyu ndiye aliyesema."

Nikakunja pembe ya mkeka.

"Siku niliyotaja halbadiri," mama akaendelea, taratibu kabisa, "ulitapika sahani nzima ya wali kabla hujashikwa na homa yoyote. Miye ndiye niliyedeki. Hapo nshajua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza miaka yote ile. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira pia, hasira ya mtu aliyebeba mzigo kumbe mwenzake anauona.

"Nilikungoja useme mwenyewe. Mtoto si nazi, hakamuliwi."

"Na kisomo je? Ulisema umemwachia Mungu."

"Nilisema hivyo kwa ajili ya majirani." Alinitazama kwa macho yale makali ya kugawia ukoko. "Mmoja kesha kwenda. Ningeisoma, ningebaki na nani?"

Kisha akaniambia kwamba sasa amechoka. Amezeeka akimlea mwanawe kwenye simu, na hataki kuzikwa na majirani wakati ana mtoto wa kiume mzima. Alipolinda jina langu, alisema, alikuwa analichafua la kaka yangu kila siku, na hilo ataulizwa yeye. Hakuniamuru kitu. Aliniuliza tu kama najua nyumba ya yule rafiki wa Muheza.

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Nilimkuta kandokando ya barabara anapouzia machungwa kwa magunia, amekaa kwenye kreti, anamenya chungwa la kula mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitambua. Nikajitambulisha, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kumenya mpaka ganda likaanguka lote, kisha chungwa lenyewe hakulila.

"Miaka mitatu," alisema, "kila nikiamka nilimlaani yeye. Kila asubuhi."

"Naomba unisamehe, kaka."

"Wewe sijui. Siku yako ikifika nitakwambia." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mpigie. Kwa simu yako. Yangu hataipokea."

Nikapiga. Kaka akapokea kwa hofu, akidhani mama ana jambo, maana mimi simpigii. Rafiki yake akaichukua simu akasema, "Yakhe, ni mie. Dada yako yuko hapa, ana neno lake, msikilize." Akanirudishia.

Nilimwambia. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilipomaliza, nilisikia honi za magari ya Mombasa na mtu anayenadi maji ya kunywa. Kaka alikohoa mara mbili.

"Ukoko wa jana," akasema, na sauti yake haikuwa nzuri, "kala nani?"

"Hakuna, kaka," nikamwambia. "Tangu uondoke sijaugusa. Tunawamwagia kuku."