Vibao Vitatu vya Somo la Kifaransa

Juzi sokoni nilimkuta Zuhura kwenye kibanda chake cha vitenge, akimsahihishia bintiye vitenzi vya Kifaransa bila hata kutazama daftari. Nikasikia tena harufu ya chaki, na ya maharage yaliyokuwa yakiungua jikoni mwa shule mchana ule tulipokuwa wanafunzi.

Mwalimu wa Kifaransa alitusimamisha wawili ubaoni, mimi na Zuhura, tuliokaa dawati moja. Sheria yake ilikuwa hiyohiyo siku zote: anayepatia anampiga kibao aliyeshindwa. Kitenzi kilikuwa aimer, yaani kupenda. Zuhura alinyamaza. Mimi nikatiririka: wakati uliopo, kibao, uliopita, kibao, ujao, kibao. Kiganja changu kilibaki kinanukia mafuta ya nazi ya shavu lake. Hakulia, na hilo liliniudhi, kwa hiyo kile cha mwisho nilikivuta kutoka mbali. Darasa likacheka. Niliamini kabisa kwamba yule msichana ni mjinga.

“Kumbe siku ile ulikuwa unajua?” nilimuuliza pale kibandani.

“Vitenzi vyote nilikuwa navijua,” alisema, akiendelea kukunja kitenge. “Ila wewe ungelia.”