Mbuzi Aliyekula Sauti ya Mwalimu

Mwaka jana nilirudi Butembo. Ndege ndogo ilitushusha Rughenda, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima, na kabla ya kwenda popote nilimwomba mwenye pikipiki anipitishe Mususa. Nilitaka kuiona nyumba tuliyopanga zamani. Haipo. Mahali pale pana duka la mabati na misumari, na mwenye duka aliponiuliza nataka nini nilinunua misumari ambayo sikuwa na kazi nayo. Basi, rafiki yangu, kwa kuwa nimekwisha anza kukumbuka, acha nikusimulie ya nyumba ile.

Sisi hatukuwa watu wa Mususa. Tulikuwa watu wa Mavivi, kule Beni, karibu na uwanja wa ndege, ambako Papa alifundisha darasa la sita. Yeye alizaliwa Mbandaka, mbali kabisa, kwenye mto mkubwa. Serikali ilimtuma upande wetu kabla mimi sijazaliwa, akamwoa Mama, binti wa wakulima wa Butembo, akakaa. Kiswahili chake kilijaa Kilingala, na wanafunzi walimwiga waziwazi. Hakukasirika. Ndege ilipopita juu ya shule na kuizima sauti yake, alinyamaza, akasimama wima kama askari, akaingoja iishe, kisha akasema: “Bon. Inspecteur amepita. Tuendelee.” Alisema hivyo miaka yote, na miaka yote darasa lilicheka.

Alikuwa na sanduku la bédé, yale magazeti ya hadithi za picha, aliyoyabeba tangu ujana wake. Mengi hayakuwa na jalada. Jumamosi alitukalisha barazani, mimi na dada yangu mkubwa, akatusomea, kila mtu na sauti yake: polisi, mlevi, mama mkwe, mbwa. Nyuma ya nyumba Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mama hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Lakini tulipofika pale penye kuchekesha, mchi ulikuwa unasimama kidogo, halafu unaendelea.

Vita iliporudi mara ya pili nilikuwa na miaka tisa. Sitakueleza vita, wapo walioieleza vizuri kuliko mimi. Kwetu sisi watoto ilikuwa na maana hii: nchi ilikatika vipande, sisi tukabaki upande huu na Mbandaka ikabaki upande ule, na barua hazikupita tena. Kule Mbandaka alikuwako mama yake Papa, koko yetu, mjane asiyejua kusoma. Zamani Papa alimwandikia, na katekista wa parokia akamsomea. Sasa hakujua kama mwanawe yu hai, wala Papa hakujua kama mama yake yu hai.

Sauti ya Papa ilianza kukwaruza majira ya mvua. Yeye alisema ni vumbi la chaki. Jirani alisema amepewa sumu, akaleta mizizi ya kuchemsha. Mama alimpa asali na tangawizi asubuhi na jioni. Kufikia mavuno ya maharagwe alikuwa ananong’ona tu, na darasa lake, lililokuwa na kelele kuliko yote, likawa kimya kuliko yote, kwa sababu wanafunzi walitaka kumsikia. Kisha akatema damu. Tulipanda lori, sisi wanne na godoro moja, tukaja Butembo.

Daktari alitupokea katika chumba chenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Alizungumza na Papa kwa Kifaransa, taratibu, kwa heshima. Kitu kimeota kooni, alisema, nacho ni kansa. Mashine ya kukiunguza iko nchi nyingine, na hali ya njia mnaijua. Yeye anaweza kumtoboa shingoni ili apate pumzi. Baada ya hapo hatasema tena. Papa aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa ratiba ya masomo. Mama hakujua Kifaransa. Akamgeukia dada, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu.

“Docteur amesema nini?”

Dada alitazama sakafu. “Amesema tutangoya,” akajibu.

Tulipanga chumba Mususa, jirani na mafundi wa bati waliotengeneza masanduku ya chuma. Nyundo zilianza jua lilipochomoza na kunyamaza saa ya kula tu. Kulikuwa na baridi ambayo sisi wa Mavivi hatukuizoea. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kukoroga uji wa mahindi na soya, laini kabisa, maana kingine hakikupita kooni. Papa alikaa kitandani na kitambaa cheupe shingoni, juu ya lile tundu. Akitaka kitu aliandika kwenye kibao. Lakini kuandika kulimchosha, na tena alikuwa mwalimu: akikosea herufi alifuta sentensi nzima, akaanza upya, na wewe unangoja na birika mkononi.

Alasiri moja hakuandika. Alichukua karatasi ya mtihani wa zamani, akaigeuza nyuma, akachora. Alichora shingo yake kama nyumba, na ndani yake askari mnene mwenye kofia ya chuma, amepiga kambi, ana sufuria yake na redio yake, miguu ameiweka juu. Mdomoni mwa askari alitia kiputo kikubwa cha maneno, kama katika bédé, ila ndani hakuandika kitu. Akampa dada kalamu.

Dada alifikiri sana, akaandika: *Mwalimu, pale njiani kulikuwa na mvua, donc nimeingia.*

Papa alicheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu atobolewe. Hewa ilimtoka shingoni kwa mluzi, kitambaa kikapepea. Mimi nilirudi nyuma hadi ukutani kwa hofu. Alipoona nimeogopa alicheka zaidi, mluzi ukapanda juu kama birika linalochemka, na ghafla sisi wote watatu tulikuwa tunashika matumbo.

Mama aliingia na makaa mikononi. Aliangalia karatasi, akatuangalia.

“Ugonjwa ni kintu ya kuchekea?” aliuliza. “Munaiona namna papa yenu iko, na munacheka?”

Papa alichukua kibao, akaandika, dada akasoma: “Mimi ndiye naanzisha.”

“Basi wewe ndiye mubaya zaidi,” Mama akasema, akatoka.

Tangu siku ile tulichora kila alasiri. Yeye alichora, sisi tulijaza viputo. Neno zuri aligonga kikombe kwa kijiko mara mbili. Neno baya, mara moja. Mimi nilizoea kugongewa mara moja.

Kisha tulisikia kwamba kuna ofisi mjini ambako watu wa msaada wanapokea ujumbe wa jamaa waliotenganishwa na vita, wanaupeleka upande wa pili. Ujumbe ulikuwa wa karatasi moja, wazi, bila bahasha, nao ulisomwa kwanza. Papa alivaa koti lake la shule, tukaenda. Alikuwa amechora picha nne, kwa sababu koko hakujua kusoma.

Mtu wa ofisi alizitazama kwa muda mrefu. “Hapa tunapokea habari ya famille tu,” akasema. “Desen, hizi picha, hapana. Na huyu soldat ni nani? Iko mu kambi gani?”

Papa alimgusa dada begani.

“Si mutu,” dada akasema. “Ni ugonjwa ya Papa.”

“Ugonjwa iko na kofia ya chuma?”

“Papa anasema iliingia bila kupiga hodi.”

Yule mtu hakucheka. Alitazama mlangoni, kisha akainama karibu na Papa. “Mwalimu, mimi naelewa. Mais bakubwa yangu habataelewa. Hii karatasi inaweza kukufungisha, na mimi pamoya. Toa soldat.”

Papa alichukua kalamu na kifutio vya yule mtu mwenyewe, mezani pake, akaifuta kofia na mahali pake akachora pembe mbili. Bunduki ikawa mkia. Kidevuni akaongeza ndevu.

Yule mtu alijiziba mdomo kwa mkono ulioshika muhuri. “Mbuzi inaweza kupita,” akasema.

Ndivyo ugonjwa wa Papa ulivyokuwa mbuzi, na ukabaki mbuzi. Katika picha ya kwanza mwalimu anafungua mdomo kufundisha, mbuzi anarukia ndani. Katika ya pili daktari anamulika kooni kwa tochi, na mbuzi kule ndani naye ana tochi yake, anammulika daktari. Katika ya tatu shingo imetobolewa na mbuzi amevaa sweta, anatetemeka, kwa vile mtu amemfungulia dirisha. Katika ya nne mwalimu anakunywa uji, na mbuzi amekaa na kijiko chake, uso umekunjamana: uji tena.

Tuliporudi nyumbani Papa alizichora upya zote nne, akampa Mama atazame bila kuelezwa. Mama aliziangalia moja moja. Alipofika ile ya tatu aliweka kidole juu ya sweta. “Hii mbuzi inasikia baridi ya Butembo,” akasema. Akatoka nje haraka. Kwa dirisha tulimwona amechutama mbele ya imbabura, lile jiko la makaa, mabega yanatikisika. Dada alisema anacheka. Mimi sikuwa na hakika, hata leo sina.

Baada ya hapo mambo hayakukaa muda mrefu. Papa alikonda. Maumivu yalikuja, na vidonge tulivyopewa havikuyatosha. Alasiri nyingine alishika kalamu bila kuchora, akatugongea kikombe tu kwa maneno ya zamani tuliyomsomea. Mistari yake ya mwisho ilitetemeka kiasi kwamba mbuzi alionekana ana manyoya marefu. Tulimwambia mbuzi amezeeka. Aligonga mara mbili. Alikufa asubuhi moja ya mvua, mafundi wa bati wakiwa wamekwisha anza kazi. Fundi mmoja alikuja kuuliza kuna nini, akarudi, na nyundo zote zikanyamaza mpaka tulipotoka makaburini.

Kama mwezi mmoja baadaye yule mtu wa ofisi alituita. Jibu limefika kutoka Mbandaka. Dada alilisoma pale pale, amesimama. Katekista aliandika kwamba mama wa mwalimu yu mzima, kwamba alicheka hadi majirani wakaja kuuliza, na kwamba anataka kujua: yule mbuzi ameshatoka? Mwanawe atume nyingine.

Nyumbani tuligombana. Dada alitaka tuandike ukweli, maneno mawili tu, katekista atayasema. Mimi nilitaka tuendelee na mbuzi. Mkono wa Papa niliujua, ningeweza kuuiga, koko asingejua. Nililia, nikamwita dada muuaji.

Mama alikuwa anamenya viazi. Alifuta mikono kwa kitenge, akasema: “Lete ile kalamu.”

Mama aliacha shule akiwa mdogo. Aliishika kalamu kama kisu. Alichora picha moja tu, polepole, ulimi ukiwa kati ya meno. Alichora kitanda, blanketi limekunjwa vizuri juu yake. Kando ya kitanda alichora mbuzi, mbaya sana, miguu yake mitano kwa sababu mmoja ulikosewa. Mbuzi alikuwa amesimama, anatazama kitanda. Mdomoni mwake Mama alitia kiputo.

“Tuandike nini ndani?” dada akauliza.

“Hapana andika,” Mama akasema. “Yeye hajue kusoma. Na ile mbuzi, sasa itaongea na nani?”

Kisha akaiangalia picha, akahesabu miguu, na akacheka. Alicheka kwa sauti, mama yangu, mkono kifuani, machozi yakimwagika juu ya maganda ya viazi, na sisi tukaja tukamshika huku na huku. Siku iliyofuata aliipeleka ofisini mwenyewe. Mtu wa ofisi alimuuliza hii ni habari gani. “Ni habari ya famille,” akajibu. Yule mtu akagonga muhuri.

Jibu halikuja. Ilipita miaka mingi, vita ikatulia kidogo kidogo, simu zikafika, na siku moja shangazi wa Mbandaka akatupata. Koko alikuwa amekwisha fariki. Ile karatasi ya pili ilifika, shangazi alisema. Katekista alikuja nayo mbio, akitabasamu, akijua ataleta kicheko. Koko aliichukua, akapitisha kidole juu ya mistari ya kalamu. Akairudisha. “Oyo loboko ya mwana na nga te,” akasema: huu si mkono wa mwanangu. Akaingia ndani kuvua kitenge chake cha maua.

Karatasi zetu nyingine hazipo. Tulirudi Mavivi, tukakimbia, tukarudi, tukakimbia tena, na katika safari mojawapo kati ya hizo sanduku la bédé lilibaki, na michoro ilikuwa ndani yake. Mafundi wa bati wa Mususa wametawanyika. Ile ofisi ilifungwa, sijui yule mtu alikwenda wapi, wala sikuwahi kulijua jina lake. Dada anaishi Beni na ana watoto ambao wanafikiri mama yao ni mtu mkali.

Nilipotoka Butembo safari ile nilipitia kwa Mama. Nilimpa kalamu na karatasi, nikamwomba awachoree wajukuu yule mbuzi. Aliigeuza kalamu mkononi, akanitazama kana kwamba nimemwomba kitu cha aibu.

“Mimi?” akasema. “Mimi sijue kuchora.” Akairudisha, akaendelea kuchambua maharagwe.