Vipimo vya Binti Fundi

Jamani, kuna watu hubandikwa jina utotoni wakazeeka nalo. Huyu mtaa mzima ulimwita Binti Fundi. Mvi zimemwingia, wanawe wameshakuwa na nyumba zao, cherehani ameikanyaga mpaka magoti yanalia kila akiinuka, na bado mteja akiingia huuliza, "Binti Fundi, baba yupo?" Yupo. Alikuwepo siku zote, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Baba mwenyewe, yaani Fundi, alikaa karibu na mlango kwenye meza ndefu ya kukatia, mkasi mkubwa mkononi, futi ya kupimia shingoni. Yeye kukata, binti kushona. Ndivyo walivyogawana tangu binti akiwa mwanafunzi. Na Fundi alikuwa na jambo moja lililompa sifa: hakuwahi kuandika kipimo cha mtu. Anakuzungushia futi kiunoni, anaguna, anashuka mguuni, anaguna tena, basi, umeshaingia kichwani. Ungerudi baada ya miaka na kitambaa kipya, angekwambia, "Wewe umenenepa, hebu njoo hapa," kabla hujakaa. Wengine walikuja kumjaribu makusudi, na hawakumweza.

Sasa kichwa kile kilikuwa kimeanza kuvuja. Binti aligundua kabla ya mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyefumua. Mikono ya mashati ilikuja mifupi, akaiongezea vipande kwa siri ndani ya upindo. Kola ilikuja pana kama ya mtu mwingine, akaikata upya. Pale kitambaa kilipokataa kuongezeka, alikwenda dukani akanunua kingine cha rangi ile ile, akakata mwenyewe wakati mzee amesinzia, akashona, akanyamaza. Kazi ya mtu mmoja aliifanya mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya baba, mara ya pili kwa ajili ya mteja. Akirudi nyumbani hana hata nguvu ya kuvua viatu.

Mbona hakumwambia? Haya, mwambie wewe baba yako kwamba mkono wake umekwisha, tukuone. Tangu mama afariki, mzee hakuwa na kingine zaidi ya meza ile. Shangazi alikuja siku moja, akaona hali, akamvuta binti pembeni. "Ukimnyang'anya mkasi," alisema, "umemzika angali hai." Alisema hivyo, akanywa chai yake, akarudi kwake kulala. Watu wa namna hii Mungu awape maisha marefu, maana ushauri wanao, ila mikono hawana.

Basi ikaja asubuhi ya kinyozi.

Kinyozi alikuwa jirani, mlango wa pili, mtu wa tumbo linalofika kabla yake na kicheko kinachofika kabla ya tumbo. Alileta kitambaa kizuri cha suti, cheusi, laini, na hakuacha kutangaza kilikotoka: mwanawe amemnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Siku ile alikuja kujaribu suruali. Akaingia nyuma ya pazia. Zikasikika pumzi, ukasikika mguu mmoja unarukaruka.

"Binti Fundi," akaita kwa sauti ya chini. "Hii suruali ya nani?"

"Yako."

"Imekwama magotini."

Alitoka amejifunga shuka la kupigia pasi, na mara hii hakucheka. Fundi alikuwa ameshuka uani, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Kinyozi akaiweka suruali mezani polepole, kama anayeogopa kuiumiza.

"Mimi na mzee wako tumetoka mbali," akasema. "Angeharibu kitambaa changu mimi, ningecheka. Hiki ni cha mtoto. Kilichobaki kilikuwa cha koti. Koti basi, nishonee suruali tu. Lakini ukate wewe. Nikisikia mzee amekigusa, nakuja kukichukua, na sitakaa kimya, dada yangu. Wenzangu pia wamelalamika. Unafikiri hatuoni? Tunakustahi tu."

Akaondoka. Binti akakaa kwenye stuli, suruali mapajani. Kumbe mtaa mzima unajua, alijisemea. Kumbe siri hii nilikuwa naificha peke yangu. Alichoka ghafla, uchovu wa kutoka mifupani.

Suruali ile ilimshangaza kwa jambo jingine. Haikuwa imekosewa ovyo. Ilikuwa imekatwa vizuri mno: paja limekaa, mshono umenyooka, kila kitu kinakubaliana na mwenzake. Ilikuwa suruali safi kabisa ya mtu mwembamba. Akakumbuka suruali ya mlinzi wa shule aliyoiweka kando wiki iliyopita baada ya kununua kitambaa kingine, na ya mwalimu wa kwaya. Zote mbili zilikuwa bado kwenye kikapu cha mabaki. Akazitoa, akazilaza juu ya hii ya kinyozi, akaziweka sawa kiunoni. Hazikupishana hata kwa unene wa uzi.

Hakuhitaji futi. Kiuno kile alikijua. Kilikuwa cha mdogo wake, kijana wa mwisho kuzaliwa, siku alipofungasha na kwenda zake nchi za watu.

Lo! Yule bwana. Fundi alijaribu kumfundisha kazi, hakushika hata sindano. Akapelekwa shule kwa jasho la cherehani hii hii, akapanda ndege, na tangu hapo ni sauti tu ndani ya simu: "Mtunze mzee, dada." Eti mtunze, kana kwamba mzee ni kuku. Na kila anayeingia dukani ataonyeshwa picha yake na kuambiwa habari zake, wakati aliyebaki yuko pale pale nyuma, ameinamia mashine.

Lakini mzee alimsikiliza yule. Binti akapiga moyo konde, akampigia.

"Mdogo wangu, nisaidie jambo moja. Zungumza na baba aache kukata. Mimi sina mdomo wa kumwambia."

"Dada, usimkatishe tamaa mzee," ikajibu simu. "Mwache akate. Ndiyo furaha yake."

"Akate nini? Akate nguo za watu?"

"Vitambaa ni nini bwana, vitambaa vinanunuliwa. Subiri kidogo, naitwa huku. Tutaongea."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Binti akaitazama simu, akaitia mfukoni. Basi ni mimi, akasema moyoni. Kama kawaida, ni mimi.

Fundi aliporudi alimkuta amesimama upande wake wa meza, jambo ambalo halikuwa kawaida. Suruali tatu zilikuwa mezani. Macho yake hayakuwa mazuri, ila vidole havijamwacha. Akavipitisha kiunoni, kwenye paja, mpaka kwenye upindo. Uso ukamchanua.

"Hizi za mdogo wako," akasema. "Anakuja?"

Binti akamsogezea ile nyeusi.

"Hiyo ya kwanza ni ya kinyozi, baba."

Mzee akacheka. "Kinyozi? Mle ataingiza mkono tu!" Alicheka vizuri, kicheko cha zamani, na binti angetoa chochote ili kiishie hapo. Lakini kilipungua chenyewe. Vidole vikarudi kwenye kitambaa, vikakigusa, vikatambua ulaini wake. Akaivuta ya pili, akaivuta ya tatu.

"Hizi nimezikata mimi?"

"Wewe, baba."

"Za watu mbalimbali?"

"Ndiyo."

"Na nguo nyingine?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya kwa muda mrefu, alikuwa amezoea. "Nyingine nimekuwa nafumua," akasema. "Nyingi. Kinyozi amesema nisipokata mimi, anachukua kitambaa chake na kuwaambia watu. Na wewe nimeshindwa kukwambia. Nimechoka, baba. Nimechoka kweli."

Fundi hakubisha. Laiti angebisha! Laiti angegonga meza akamwita mtoto asiye na adabu, pangekuwa na pa kushikia. Alitoa tu vidole kwenye matundu ya mkasi, kimoja kimoja, akausukuma hadi upande wa binti. Halafu mikono ile ikabaki mezani, haijui pa kwenda.

Ndicho alichokitaka binti. Amekipata. Na kilichompanda kifuani hakikuwa huruma, kilikuwa hasira, hasira ya miaka yote ya kukaa nyuma kwenye mashine.

"Vipimo vya mdogo wangu unavikumbuka," akasema. "Kichwa kimemwaga vyote, vya kwake vimebaki. Na vyangu je, baba? Vyangu unavyo?"

Mzee akafikiri. Alifikiri kweli, amekunja uso, anatafuta. "Vya mama yako ninavyo," akasema, akavitaja, bega, kifua, kiuno, bila kukwama. Kisha akatafuta tena. Binti akasubiri, akajuta kuuliza.

"Wewe sikuwahi kukupima," Fundi akasema mwishowe.

"Hata mara moja?"

"Ulikuwa unajishonea mwenyewe. Ulianza ukiwa mdogo, kwa mabaki. Nilikuwa nakuona asubuhi umevaa nguo mpya, nikasema huyu ameshajitosheleza. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba kuna mmoja sina haja ya kumhangaikia."

Binti akayakumbuka mabaki yale. Hakujishonea kwa sababu aliweza. Alimwona baba amechoka, hakutaka kumwongezea. Maneno hayo yalimfika mdomoni yakakaa hapo. Ya nini tena leo?

"Simama vizuri," mzee akasema. "Geuka."

"Baba, acha. Kuna kazi."

"Geuka, nimesema."

Akageuka. Mzee akaivua futi shingoni, akaja nyuma yake. Mikono ilijua njia: ncha ya futi ikakaa kwenye bega la kushoto, kidole kikaivuta mgongoni mpaka bega la kulia, kikasimama. Binti alisikia pumzi za baba yake shingoni. Alisubiri ule mguno. Haukuja.

"Sioni namba," mzee akasema.

"Na mimi sioni mgongo wangu."

Hapo walikwama. Mafundi wawili, kazi ya maisha yao yote, na bega lililo mbele yao hakuna wa kulisoma. Binti akaanza kucheka, machozi yakamtoka humo humo, mabega yakatikisika. Mzee akamkaripia, "Tulia wewe, utanipotezea!" Akaibana futi kwa kucha mahali ilipoishia, akazunguka nayo mpaka mbele, akamwinulia mbele ya macho, hajaachia.

"Soma."

Binti akafuta macho, akasoma. "Kumi na sita na nusu."

"Kumi na sita na nusu," mzee akasema, akaguna.

Mchana ule binti alikata kitambaa cha kinyozi. Baba alikaa kwenye stuli karibu na mashine, akimpitishia pini na chaki. Hakuugusa mkasi wala hakuutazama. Kila baada ya muda aliuliza, "Mabega yako nilisema ngapi?" Binti akataja, mzee akarudia chini chini, midomo ikicheza, na kabla mshono haujaisha akauliza tena. Mpaka jua linashuka binti alikuwa amechoka kutaja. Walipofunga duka na kushikana mikono kwenda nyumbani, akauliza tena njiani, na binti hakujibu. Alikuwa anawaza kesho, anawaza mzee atakaa wapi siku nzima, na nani wa kumtazama yeye akiwa mezani.

Fundi akasimama. Binti akamvuta mkono, hakusogea. Watu wakawapita kushoto na kulia.

"Nitajie, mwanangu," akasema. "Nimekikosa. Nilikuwa nacho sasa hivi, nimekikosa tena."

Alikuwa anaogopa. Binti hakuwahi kumwona baba yake akiogopa. Akamshika vizuri, akamtajia polepole, akasubiri arudie, akamtajia tena.